Je, Wajua? Mapenzi, Ndoa na Mwili Katika Nchi ya Mtera

Basi litokalo Dodoma kwenda Iringa likifika Mtera, mazungumzo hukatika na vichwa vyote hugeukia madirishani: perege wa kukaanga hao. Bwawa lenyewe lilikamilika mwaka 1980, likauzuia Mto Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu, kule chini, isikose maji wakati wa kiangazi. Kituo cha umeme cha Mtera, cha megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Kabla ya hapo ilikuwa nchi ya Wagogo, ng'ombe na uwele. Maji yalipojaa wakaja wavuvi, mafundi, wachuuzi wa samaki na madereva. Wafugaji wakashusha mifugo kunywesha. Na ng'ambo ya pili tayari ni Iringa, kwa Wahehe.

Leo safu hii imejikalisha hapo mpakani, ikakusanya mambo ya mapenzi, ndoa na afya ya mwili. Msomaji ataona jambo moja likijirudia: katika uwanda huu wa kati, chumbani hakujawahi kuwa pa watu wawili tu. Ng'ombe wamo, wajomba wamo, ngoma imo, Mahakama ya Rufani imo, na kuna miaka hata redio ilijibanza humo.

Je, wajua kuwa Dodoma iliwahi kunyimwa mchezo wa redio kwa makusudi?

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mhusika aliyewakera watu kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na hawara karibu kila kituo cha njiani. Mwishowe anapata virusi vya UKIMWI. Mkewe, Tunu, ndiye wasikilizaji waliyemfuatilia kwa hamu: anaanza kama mke wa kuvumilia, kisha anafungua biashara yake ndogo na kuacha kumtegemea mume asiyetegemeka. Utungaji wa namna hii ulibuniwa miaka ya 1970 na Miguel Sabido wa Meksiko. Unahitaji mtu mwema, mtu mbaya, na wa tatu anayesitasita katikati. Huyo wa tatu ndiye anayebeba kazi yote, kwa kuwa wengi wetu tumo katika kundi lake.

Sasa turudi Dodoma. Mkoa huu ulikuwa na mtambo wake wa kurushia matangazo, na watafiti wa mchezo huo, mmoja wao akiwa Mmarekani Everett Rogers, waliitumia nafasi hiyo. Wakati mikoa mingine inasikiliza vituko vya Mkwaju, Dodoma ilirushiwa vipindi vingine. Ikawa hivyo tangu 1993 hadi 1995. Dodoma ilikuwa mkoa wa kulinganishia.

Matokeo yalikuwa bayana. Katika miaka miwili ya mwanzo, kule mchezo uliposikika, sehemu ya wanawake wenye waume waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango iliongezeka kwa pointi 10 hivi za asilimia, Dodoma haikusogea. Mwaka 1995 mchezo ukafunguliwa na huku, na Dodoma nayo ikaanza kupanda. Utafiti ulichapishwa mwaka 1999, na ni mmoja wa ile inayotajwa sana duniani kila wanapobishana kama tamthilia inaweza kubadili mwenendo wa mtu.

Kwa sayansi, ni kazi safi. Lakini miaka hiyo UKIMWI ulikuwa ukiua. Ulishakuwa na muongo mzima nchini tangu wagonjwa wa kwanza watambuliwe Kagera mwaka 1983. Na barabara ya malori iendayo kusini, hiihii inayovuka Mtera, ilikatiza katikati ya mkoa ambao haukumsikia Mkwaju. Kampeni nyingine za UKIMWI ziliendelea Dodoma kama kwingineko, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo kama kuna mkoa uliostahili kumsikia dereva yule mapema, ni huu.

Je, wajua tofauti ya ng'ambo na ng'ambo?

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI: wanawake asilimia 5.6, wanaume 3.0. Ukivuka maji ya Mtera unaingia Iringa, penye asilimia 11.1, ya pili kitaifa baada ya jirani yake Njombe yenye 12.7. Kigoma, kwa kulinganisha, ni asilimia 1.7.

Watu hupenda kueleza tofauti hii kwa tabia za watu, kana kwamba kabila moja lina heshima kuliko jingine. Yapo maelezo ya maana zaidi. Kusini kuna barabara kuu ya Zambia, mashamba ya chai na misitu ya mbao yenye vibarua waliotoka mbali na wake zao. Kuna pia suala la jando. Wagogo huwatahiri wavulana kwa mila. Kwa makabila kadhaa ya nyanda za juu kusini haikuwa desturi. Majaribio matatu yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kule Uganda yalionesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Kampeni zilipofika Iringa, wahudumu wa afya waligundua kuwa wanaume hujitokeza kwa wingi miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakiamini kidonda hupona haraka wakati huo. Wizara ikaacha kubishana nao, ikapeleka wauguzi wakati wa baridi. Huo ni uamuzi wa busara ambao hausifiwi vya kutosha.

Penye samaki nako pana kisa chake. Ziwa Victoria, upande wa Kenya, mchuuzi mwanamke aliyetaka samaki wa bei nafuu alilazimika mara nyingi kulala na mvuvi. Mtindo huo unaitwa jaboya. Mwaka 2011 wanawake wa ufuko wa Nduru, Kisumu, waliupa kisogo kwa njia ya moja kwa moja: wakapata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua. Aliyekuwa akibembeleza samaki akawa tajiri wa mtumbwi. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma vibaya, lakini somo la umiliki lilishaeleweka. Bwawa lolote lenye kambi za wavuvi na wanawake wenye ndoo ufukweni, Mtera likiwemo, lina sababu ya kuuliza mitumbwi ni ya nani.

Je, wajua kuwa ng'ombe wa mahari wa Kigogo hawaishii kwa baba mkwe?

Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu ng'ombe na ukoo wa Wagogo, kikatoka mwaka 1969. Alichokiona ni hiki: mahari ikiingia zizini hutoka tena. Upande wa mama una sehemu yake, mjomba ana sehemu yake, kaka wa binti anahesabu atakavyooa yeye. Hata wakati wa kutoa, kijana hakutegemea zizi la baba peke yake. Kwa hiyo ndoa ikivunjika, wanaotetemeka si wawili. Ni wote waliokula na wote waliochanga, na ndiyo sababu wazee hawakuwa na haraka ya kukubali talaka kwa ugomvi wa wiki moja.

Ubaya wa mfumo huo nao ulikuwepo: mke aliyepigwa aliporudi kwao, alikuta ng'ombe wake wameshatolewa mahari ya mtu mwingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliingia katikati kwa kifungu cha 41: ndoa halali haibatiliki kwa sababu tu mahari haijalipwa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumchapa. Hayo yameandikwa kwa zaidi ya nusu karne. Waulize wazee wa kijiji chochote ni wangapi wanaovijua vifungu hivyo.

Je, wajua kuwa wanawake wa Kigogo walivaa nguo za wanaume ili kuponya ng'ombe?

Katika makala ya mwaka 1968, Rigby alieleza tambiko ambalo ukilisimulia leo wengi wataona umelitunga. Ng'ombe wakishikwa na maradhi, au nchi ikiharibika, wanawake ndio waliochukua madaraka. Walivaa mavazi ya wanaume, wakashika fimbo na silaha zao, wakachunga mifugo ambayo siku nyingine hawakuichunga, na kuimba nyimbo ambazo hakuna mama mwenye heshima angeziimba mbele ya mkwewe. Wanaume walitakiwa kukaa kando na kunyamaza. Wanawake wakacheza wakiielekeza hali mbaya nje ya nchi, upande wa magharibi, wakaenda kuitupa huko.

Mantiki yake ni rahisi ukiifuata. Mambo yamepinduka, basi nasi tupinduke ili yarudi yalivyokuwa. Wazulu wa Afrika Kusini walikuwa na tambiko la jamaa hiyo kwa ajili ya Nomkubulwana: wasichana walivaa nguo za wanaume na kuchunga ng'ombe. Wale wanaodai kuwa zamani kila mtu alijua nafasi yake bila kuyumba wangefaa kuisoma makala ya Rigby kwanza. Zamani waliijua nafasi yao vizuri kiasi kwamba walijua na siku ya kuivua.

Ngoma ya muheme nayo iko katika ukoo huo. Karibu kote Afrika Mashariki ngoma hupigwa na wanaume, wanawake wakacheza. Kwa Wagogo, muheme hupigwa na wanawake, wamesimama, ngoma wameibana mapajani. Asili yake ni unyago wa wasichana, mahali ambapo mwari alifundwa kuhusu hedhi, mume, mimba na adabu, wanaume wakiwa mbali. Leo utaiona uwanjani akipokelewa waziri. Wageni wengi hupiga picha bila kujua wanatazama mlango wa darasa.

Na mwalimu wa darasa hilo alikuwa shangazi au bibi, si mama mzazi. Mijini kazi hiyo sasa inafanywa na kitchen party, yenye sare, mshereheshaji na bajeti. Bibi wa Ugogo hakutoza kiingilio.

Je, wajua kazi ya mtani msibani?

Koo za Wagogo zina watani wao, na utani si mzaha wa kupoteza muda. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani anaweza kumwigiza marehemu, kudai deni lisilokuwepo, kulilalia kaburi mpaka apewe chochote. Mfiwa anajikuta anacheka na machozi yako shavuni. Anayeruhusiwa kusema lolote ndiye pia anayeweza kumwambia mume mlevi yale ambayo kaka yake hathubutu.

Naona hapo kuna huduma ya afya ya akili iliyokuwepo kabla ya hospitali. Dodoma ndiyo penye Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyojengwa enzi ya Waingereza. Jina lake limegeuzwa tusi la mtaani nchi nzima, kiasi kwamba mtu mwenye sonona anaona heri aumie kimya kuliko kuonekana getini pale. Wanaume ndio wabishi zaidi, na duniani kote wao ndio wanaojiua zaidi, mara mbili ya wanawake au kuzidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba.

Je, wajua kuwa njaa iliwahi kuwa mshenga?

Kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita vya Kwanza kukomba ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, na mvua kukosekana, kulitokea njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kuwa wilayani Dodoma walikufa watu 30,000 hivi kati ya 150,000. Wapo waliowaweka watoto rehani kwa wenye chakula. Binti aliyekwenda hivyo hakuulizwa kitu, na kumkomboa kulihitaji mifugo ambayo vita ilishaichukua. Mashina ya koo kadhaa za uwanda huu yana bibi aliyefika kwa njia hiyo.

Je, wajua yaliyomo katika sheria unayodhani unaijua?

Wengi husema ukiishi na mwanamke miezi sita, amekuwa mkeo. Si kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinataka miaka miwili au zaidi, na muda pekee hautoshi: lazima watu wawe wanawatambua kuwa mume na mke. Tena ni dhana tu, inaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi.

Aliyekuahidi ndoa akakuacha siku ya mwisho anaweza kushitakiwa, kifungu cha 69. Usitegemee utajiri, maana fidia haizidi hasara uliyoipata kwa gharama za maandalizi. Machozi hayana bei hapo.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ikatamka kuwa kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Wanasheria huitaja kesi hii kama ushindi mkubwa, na kweli ni ushindi, kwa wanawake waliokuja baadaye. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona mume alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya.

Kisha kuna suala la umri. Sheria ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Mvulana hadi 18. Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma na mwanzilishi wa Msichana Initiative, aliipeleka Serikali Mahakama Kuu akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, na ikapewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo. Mwaka huo ukapita bila marekebisho. Ajabu zaidi ni kwamba mwaka huohuo wa 2016 Bunge lilipitisha kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Kwa hiyo binti wa miaka 15 aliye darasani analindwa na jela ya miaka 30. Jirani yake wa umri uleule aliyeacha shule analindwa na sahihi ya baba yake. Naye ndiye aliyehitaji ulinzi zaidi.

Wabunge wanaopaswa kulimaliza hili wanakutana hapohapo Dodoma, safari ya saa chache tu kutoka Mtera.

Kwa kifupi tu: tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, watumishi wengi waliacha familia Dar es Salaam na kuishi ndoa za mwisho wa wiki. Treni ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, mwendo wa takriban saa nne. Wachumi wanapima shehena. Mimi ningependa wapime na amani ya nyumba.

Je, wajua kuwa ugonjwa mmoja ulitumika kuficha kisu?

Baada ya Serikali kuupiga vita ukeketaji mwishoni mwa miaka ya 1960, kulienea Singida na Dodoma habari za maradhi yaitwayo lawalawa. Mtoto wa kike anawashwa sehemu za siri, mkojo unamuuma, analia. Wazee wakasema ni mizimu imekasirika, na dawa ni moja tu, kukeketwa. Ni maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo au ya uke, yanayotibika zahanati kwa dawa na usafi. Katika nchi kavu kama hii, ambako maji ya kuogea ni mwendo wa ndoo kichwani, maambukizi hayo hayakuwa haba, na kila mtoto aliyeugua akawa ushahidi wa mizimu. Tena imani hiyo ikashusha umri wa kukeketwa. Kisu kilichokuwa cha mwari kikahamia kwa mtoto mchanga, ambaye hana wa kumsimulia.

Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ilifanya ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 kuwa jinai. Mambo yamebadilika. Utafiti wa afya wa mwaka 2015–16 uliwakuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 18. Kitaifa ni asilimia 8. Kushuka huko ni kukubwa, ingawa anayehesabiwa ni mwanamke mzima. Aliyekeketwa mwaka jana akiwa na miezi mitatu hataonekana katika hesabu hiyo hadi atimize miaka 15.

Basi ukisikia jirani anasema mtoto wake ana lawalawa, mshike mkono mwende zahanati leo. Na ukisikia ngariba ameitwa, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Haina malipo, mitandao yote.